Nilipopungua Nikafanana na Dada

Presha yangu ilipopanda, daktari alinielekeza kwa afisa wa lishe, mwanamke mpole aliyekaa kwenye chumba chembamba nyuma ya hospitali. Nilikuwa karani wa ofisi mjini Machakos, nimepita miaka thelathini, na nilikuwa mnene tangu utotoni. Afisa alinipima urefu na uzito, akabonyeza kikokotoo, akaniambia kuanzia siku hiyo nitakula kalori elfu moja na mia nane kwa siku.

"Kalori ni nini hasa?" nilimuuliza.

"Ni nguvu iliyo ndani ya chakula. Mwili ukikosa ya kutosha kwenye sahani, unaanza kujila wenyewe. Hapo ndipo unapungua."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayenielekeza njia ya kwenda sokoni. Lakini hayo maneno, kwamba mwili utajila, nilienda nayo nyumbani na hayakunitoka.

Nilifuata masharti. Unga wa ugali nilipima kwa kikombe, mafuta kwa kijiko, na chai nikaizoea bila sukari. Isyo, ile pure ya mahindi na maharagwe niliyolelewa nayo, nilipakua kidogo kwenye bakuli dogo. Gauni zikaanza kuning'inia mabegani. Presha ikashuka. Kisha mizani ikakwama, nikarudi kwa afisa nikidhani nimekosea mahali.

"Hujakosea," alisema. "Huu mwili ni mdogo kuliko ule niliopigia hesabu. Chakula kilichompunguza yule mkubwa kinamtosha huyu. Inabidi tushuke tena, elfu moja na mia tano."

"Na yule mkubwa ameenda wapi?" nilimuuliza kwa utani.

Hakucheka. Alifunga faili yangu, akaita mgonjwa mwingine.

Hapa lazima nieleze juu ya dada yangu. Alinitangulia kuzaliwa, na alikuwa akishona nguo katika kiwanda kimoja cha EPZ, eneo la viwanda la Athi River. Aliugua, akarudi nyumbani kwetu Masii, akakonda hadi akafariki. Aliacha binti mdogo ambaye mama yetu alibaki akimlea. Hakuna mtu aliyewahi kusema tunafanana. Yeye alikuwa mwembamba hata kabla ya ugonjwa, mwenye mashavu yaliyobonyea na kidevu chenye ncha, na mimi nilikuwa duara. Sasa mashavu yangu yalipoanza kuondoka, nilijiangalia kwenye kioo asubuhi moja nikaona kidevu chake.

Nilijiambia ni mwanga wa dirisha. Lakini wiki hiyo niliingia katika duka la vitambaa karibu na msikiti, duka la familia iliyotoka Pwani zamani. Sikuwa nimewahi kuingia humo. Mama mwenye duka aliniona, akainuka na uso wa furaha.

"Mbona umenisusa, mwanangu? Zile leso za zambarau zilikuja, nikakuwekea, hukutokea tena."

"Mimi sijawahi kununua hapa, mama."

Alinitazama. Furaha yake ikapungua polepole. "Una dada?"

"Nilikuwa naye."

Alikaa kwenye kigoda chake, akasema innalillahi kwa sauti ya chini, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Nisamehe basi. Ni sura, tena ni huo mkono. Unavyokishika kitambaa."

Niliangalia mkono wangu. Ulikuwa umeshika pindo la kitenge, kidole gumba kikisugua uzi taratibu, kama mshonaji anayekagua mshono. Mimi sijui kushona hata kifungo. Niliachilia kile kitambaa nikatoka bila kununua kitu.

Jumamosi nilienda Masii. Miaka hiyo mtu akikonda, watu walikuwa na jibu moja tu, na hawakulitaja kwa jina. Majirani walikuja na sukari na maziwa, wakakaa sebuleni, wakaomba kwa muda mrefu. Mmoja aliniambia nisikate tamaa kwa sababu siku hizi kuna dawa.

"Mimi niko sawa," nilimwambia. "Nimepunguza mwili kwa sababu ya presha."

"Eeh," alijibu, akiangalia sakafu.

Walipoondoka mama aliniletea uji mwepesi wa wimbi katika bakuli la bati. Alikuwa ameupoza kwa kuumiminamimina, kama alivyokuwa akimpozea dada mwishoni.

"Mwaitu, mama yangu, mimi si mgonjwa."

"Najua," alisema mama. "Kunywa."

Nilijaribu kuhesabu kalori zilizomo, nikashindwa, nikanywa wote.

Mchana huo nilikuwa nje nikiambua mbaazi. Binti ya dada, ambaye siku zote aliniita mama mdogo, alikuja nyuma yangu kimya, akaegemea mgongo wangu na kuweka kidevu chake begani mwangu. Hakuwa amewahi kunikaribia hivyo.

"Mama, utakaa siku ngapi?"

Jikoni mama alikuwa akitwanga. Mchi ulinyamaza, kisha ukaendelea. Hakuna aliyemsahihisha mtoto. Hata mimi sikumsahihisha.

Ikawa hivyo kila nilipoenda. Aliniita mama, akanichana nywele, akanikumbusha mambo ambayo sikuyafanya.

"Unakumbuka ile gauni ya njano ulinishonea?"

"Nakumbuka," nilisema ili nisimuumize, na papo hapo nikaiona, na mfuko wake mdogo wa mbele, na mahali uzi ulipokatika. Labda niliwahi kuiona akiwa ameivaa. Mpaka leo sina hakika.

Mizani ilipokwama tena, afisa wa lishe alivuta kikokotoo. "Tunaweza kushuka mara moja zaidi."

"Nipandishe," nilimwambia.

Aliweka kalamu chini. "Wote wanaokuja hapa huniomba nipunguze. Kwa nini wewe nikupandishe?"

"Hii sura niliyo nayo si yangu."

Nilidhani atanielekeza kwa daktari wa akili. Badala yake alitazama kadi yangu, akasema presha iko vizuri, hakuna haja ya kushuka, tuongeze kalori mia kila baada ya wiki mbili na tuangalie. Tukaongeza. Mizani ikaanza tena kushuka. Nilikula chapati, nikala parachichi, na bado mashavu yalizidi kubonyea. Afisa alisema wakati mwingine mwili huchelewa kuamini kwamba chakula kimerudi. Niliacha kujiangalia kwenye kioo. Niliogopa kwamba kuna mtu ananimaliza kutoka ndani na chakula ninachoongeza anakula yeye.

Halafu mizani ikageuka. Mashavu yakarudi, si yote, na kidevu changu kikawa changu. Presha haikupanda tena, kwa sababu nilikuwa nimezoea kwenda kazini kwa miguu.

Desemba nilienda Masii. Majirani walishukuru Mungu kwamba nimepona. Mama alinipakulia isyo kama wengine wote, akalifunika lile bakuli la bati juu ya rafu, na hakuniangalia usoni siku nzima. Binti alinikuta mlangoni, akasimama mbali.

"Habari, mama mdogo."

"Nzuri. Njoo."

Hakuja. "Ameenda tena?"

Nilijua anamwulizia nani. Nilimshika mkono, nikampeleka nyuma ya boma, kwenye kaburi kando ya mkonge, ambako mama hakuwahi kumpeleka akisema bado ni mdogo. Tulikaa chini. Nilimweleza mama yake aliugua vipi na jinsi alivyozikwa siku ya mvua. Alisikiliza, akang'oa nyasi moja moja.

"Na yule aliyekuwa anakuja?"

"Ni mimi. Nilikuwa nimepungua tu."

Alifikiria. "Lakini gauni ulikumbuka."

Tulikaa mpaka mama akatuita tule. Januari mama alikubali nimchukue mtoto akasome Machakos, na tukamlea hivyo, mama likizo na mimi siku za shule. Sasa binti ni mtu mzima mwenye kazi yake. Lakini siku nikisema sina hamu ya kula, huacha kijiko chake, akaniangalia usoni kwa makini, kwanza upande mmoja kisha mwingine, kabla hajasema neno.