Siku Wageni Waliponibeba Mabegani

Jambo hili nimelisimulia mara chache sana, na kila nikitaka kulisimulia huwa natazama kwanza nani yupo, kwa sababu mpaka leo nikilikumbuka masikio yananichemka, lakini kwa kuwa tumekaa wenyewe kwa wenyewe na mvua hii haina dalili ya kukatika, basi sikilizeni, ila mkicheka chekeni taratibu.

Nilikuwa mwaka wa kwanza kwenye chuo chetu kidogo cha ualimu, nje kidogo ya Tukuyu, miaka ile ya Azimio ambapo kila mtu alikuwa ndugu, mkuu wa chuo ndugu, mpishi ndugu, na kila kipande cha ardhi kilichokaa bure kilikuwa kinatafutiwa jembe. Mimi nimetoka Kyimo, jina langu Asajile, na Mungu alinipa urefu mwingi bila kuniambia nifanye nao nini (kitandani bwenini miguu ilikuwa inatoka nje kuanzia kwenye magoti, wenzangu wakawa wanaanikia soksi). Asubuhi moja kwenye paredi mwalimu wa michezo, Mwalimu Mbilinyi, mtu mfupi mwenye haraka ya maneno, akasema wanaojua kikapu wapite mbele.

Sasa mimi kikapu nilichokijua ni cha kuchumia chai. Nimekibeba mgongoni tangu utoto, na wiki ile kulikuwa na maneno kwamba wanachuo watapelekwa kusaidia kuchuma chai kwenye kijiji cha ujamaa cha jirani, na kwamba wachumaji watapewa uji wa maziwa. Nikapita mbele, tena kwa kujiamini. Wakapita na wengine wachache, nikashangaa kwamba mmoja wao ni Ramadhani, mtoto wa fundi cherehani wa mjini Tukuyu, ambaye wazee wake walitoka pwani na sikuwahi kumwona hata akishika jani la chai. Mwalimu akapita anatukagua, alipofika kwangu akainua kichwa, akainua tena, akanishika kiwiko (bega hakulifikia) na kusema mbele ya chuo kizima, "Hatimaye tumepata mtu."

Basi hapo ndipo yalipoanza, maana walipotupeleka uwanjani na kuleta mpira badala ya vikapu nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema samahani mwalimu, mimi nilidhani chai. Ningecheka, wangecheka, ningerudi darasani. Lakini ile "hatimaye" ilikuwa imeniingia, sijawahi kusubiriwa na mtu maishani mwangu, nikanyamaza nikaudaka mpira.

Ramadhani ndiye alikuwa nahodha. Mchezo huu alijifunza alipokuwa akisoma Dar es Salaam kwa mjomba wake, aliporudi akamsumbua mkuu wa chuo mpaka akapewa kipande cha ardhi tambarare nyuma ya jiko, akalima magugu kwa mkono wake, akasimamisha nguzo na mbao, baba yake akatushonea bukta. Alikuwa anaupenda ule uwanja kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Alinifundisha kwa subira, kudunda, kupasi, kudaka mpira unaorudi kutoka kwenye ubao, na jambo moja tu hakunifundisha, wala simlaumu, kwa sababu hakuna mtu anayefikiria kumfundisha mwenzake jambo kama lile. Uwanja wetu ulikuwa na vikapu viwili kama kawaida, kimoja upande wa jiko na kingine upande wa mashamba ya chai, lakini kile cha upande wa chai mvua zilikiangusha tangu kabla sijajiunga, kikarudishwa juu siku wageni walipokuja. Kwa hiyo mazoezi yote tulifanyia kikapu kimoja, cha jikoni, na mimi kichwani mwangu nikajua hicho ndicho chetu.

Mkuu wa chuo naye hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mawazo ya kabichi. Aliona ardhi tambarare, yenye rutuba, karibu na jiko, watu wanarukaruka juu yake, ikawa inamuuma. Mwanzo wa msimu akatuita, akasema michezo ni jambo zuri kwa taifa, lakini tunacheza michezo mitatu kabla ya kupanda, na kama hatutashinda hata mmoja, ardhi ile inarudi shambani.

Mchezo wa kwanza tulikwenda upande wa Mbeya, tukapigwa vibaya. Mimi nilikusanya faulo zangu zote kabla ya mapumziko (nilikuwa nawashika watu, nilidhani ndiyo kazi ya mrefu), nikatolewa, nikalala kwenye lori mpaka mwisho. Mchezo wa pili ulikuwa karibu na Igogwe, nao tulikuwa nyuma, na mapumziko yalipofika ikashuka mvua ile ya kwetu mnayoijua, waamuzi wakasubiri, wakachoka, wakasema matokeo ni hayo hayo. Kwa hiyo naomba mnielewe kabla hamjanihukumu, mpaka hapo nilikuwa mchezaji wa chuo wa michezo miwili na sijawahi kuona kipindi cha pili kwa macho yangu.

Mchezo wa tatu ulikuwa nyumbani. Wageni walivaa kijani, sisi nyeupe, na chuo kizima kilitoka, hata wapishi, maana habari ya kabichi ilikuwa imeenea. Na huko Kyimo nako habari zilikuwa zimefika kwa njia nyingine, balozi wa nyumba kumi alimwambia mama yangu kwamba mwanao sasa anachezea serikali. Mama hakuuliza ni mchezo gani. Alikusanya akina mama wa jirani, wakajitwika mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa ya mgando, wakaja kwa miguu, na mimi nikiwa katikati ya uwanja nikaona khanga zinatokeza kwenye kona ya jiko.

Kipindi cha kwanza nilicheza kidogo, sikuharibu. Tulifunga kikapu cha jikoni kama tulivyozoea, Ramadhani peke yake alikuwa kama watu wawili, na mapumziko yalipofika tulikuwa tunaongoza kidogo. Wenzangu wakamzunguka mwalimu. Mimi nikaona siwezi kuacha kumwamkia mama, nikaenda kwenye kona ya jiko, nikainama, nikamsalimu na wenzake mmoja mmoja (na salamu za kwetu mnazijua, huwezi kuuliza habari za mtu ukaacha za ng'ombe wake). Mama akanitazama bukta, akasikitika kidogo, halafu akauliza kwa nini wenzangu hawanipi mpira. Nikasema ni zamu. Akasema, "Gwe mwanangu, wakikupa uingize. Nimetembea kutoka Kyimo."

Niliporudi mchezo ulikuwa umeshaanza. Nikakaa kwenye benchi, na ukungu nao ukawa unashuka kutoka mlimani, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kutoelewa, kwa sababu wenzangu walikuwa wanakimbilia upande wa chai. Wanafunga upande wa chai, watu wetu wanashangilia. Wageni wanakuja kufunga upande wa jiko, watu wetu wanaguna. Nikajiambia labda nimepotea mimi, nikageuka kumtazama jirani yangu wa benchi, naye katulia kabisa. Nikataka kumuuliza, nikaona aibu, maana mchezaji aliyesubiriwa na chuo kizima atauliza vipi swali kama hilo? Nikaamua kwamba ni mbinu. Ramadhani alikuwa na mbinu nyingi za Dar es Salaam.

Mwisho ukiwa umekaribia kabisa, tunaongoza kwa pointi moja, mwenzetu mmoja akateguka mguu. Mwalimu Mbilinyi akanivuta fulana, akanyoosha mkono kwenye ukungu, upande wa jiko, akasema nisimame chini ya kikapu kile, mpira ukirudi kutoka kwenye ubao niudake, basi, nisifanye kitu kingine. Moyo ukatulia. Upande wa jiko, kikapu chetu, angalau mtu mmoja bado ana akili zake.

Nikasimama. Wageni wakaja, wakarusha, mpira ukagonga chuma ukarudi, nikaruka nikaudaka juu ya vichwa vya watu wote, na huo ulikuwa mdako mzuri, hata adui zangu watakubali. Wenzangu wote wakageuka wakakimbia kuelekea chai, wakayeyuka kwenye ukungu. Nikabaki mimi na mpira, chini ya kikapu, na mgeni mmoja wa kijani. Yule kijana akanyanyua mikono kunizuia, akaniona nimekitazama kikapu, akakitazama na yeye, akanitazama mimi, kisha akaishusha mikono polepole na kurudi nyuma hatua moja, kama mtu anayempisha mzee mlangoni. Nikaona ni adabu nzuri ya michezo. Kutoka kwenye ukungu Ramadhani akaniita, "Asajile, leta."

Nikaleta.

Ukazama bila kugusa chuma. Filimbi ya mwisho ikalia hapo hapo, nikasikia kelele kubwa, nikasikia vigelegele vya akina mama wa Kyimo, na kabla sijageuka nilikuwa nimenyanyuliwa juu. Waliokuwa wamenibeba walikuwa na fulana za kijani. Nikafikiri, watu waungwana kiasi gani hawa, wamefungwa na bado wanambeba aliyewafunga. Tulizunguka uwanja mzima. Upande wa wanachuo wetu hakuna aliyepiga hata kofi, nikadhani wameshikwa na machozi ya furaha. Na mama yangu, alipowaona waliombeba mwanawe, akavunja mstari na kuja na mkungu wake kichwani, akamtwisha nahodha wa wageni akisema ndaga fijo, ndaga fijo, asante sana baba, na kile kibuyu cha maziwa wakakipitisha midomoni hapo hapo. Mwalimu wao akamshika mama mkono, akasema amelea vizuri.

Ningeshuka hapo na kunyamaza, aibu ingekuwa ndogo. Lakini nilipoteremshwa nilijikuta mbele ya mkuu wa chuo, na kwa kuwa nilikuwa nimejaa furaha, nikaona inafaa kusema neno. Nikasema ndugu mkuu, kikapu hiki si changu, ni cha chuo kizima. Mkuu akaniuliza kama naumwa, na nilipomjibu kwamba sijambo kabisa akasema, "Basi sielewi," akaondoka. Na mimi nikabaki sielewi kwa nini haelewi.

Ramadhani nilimkuta ameketi chini katikati ya uwanja, fulana ameivuta mpaka kichwani. Nikachuchumaa. Akasema bila kujifunua, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Tulibadilishana upande, Asajile."

"Upande gani?"

"Baada ya mapumziko. Wanabadilishana. Kila mchezo, dunia nzima."

Nikatazama kikapu cha jikoni, nikatazama cha chai, nikatazama watu wa kijani wanakata ndizi za mama yangu ili zienee kwenye lori lao. Mambo yote ya kipindi cha pili yakapita tena kichwani, safari hii yakiwa yamenyooka, moja baada ya jingine, mpaka nikafika kwa yule kijana aliyenipisha. Nilitamani ukungu ushuke zaidi.

Nilimsindikiza mama mpaka barabarani. Wenzake walitangulia wakiimba, naye alikuwa anatembea kwa maringo ambayo sikuwahi kuyaona tangu baba afariki, na ndiyo maana nilichelewa kumwambia, lakini nikaona akifika Kyimo ataeneza habari na siku moja mtu atamcheka usoni. Nikamwambia mama, kile kikapu nimewafungia wageni.

Akatembea kidogo. "Si umeingiza?"

"Nimeingiza, mama. Lakini wameshinda wao."

Akasimama. Akajifunga khanga upya. "Wale niliowapa ndizi?"

"Hao hao."

"Gwe Asajile," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona amekasirika kweli, "ungeniambia kabla sijautoa mkungu."

Wiki iliyofuata uwanja ulilimwa. Nguzo aliziteremsha Ramadhani mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie, ila ngazi ilikuwa inayumba nikaenda nikaishika, akaniambia niishike vizuri, na hilo ndilo neno pekee aliloniambia mpaka tukafunga chuo. Kabichi zilistawi sana, sitaki kudanganya, zilikuwa kubwa kama vichwa vya ndama, na kila jioni zilipoletwa mezani meza nzima ilikuwa inanigeukia mimi kwanza, halafu ndiyo watu wanaanza kula.

Sijagusa tena mpira wa kikapu. Wanangu wamecheza, wajukuu wanacheza, wananiita niende nikawatazame, naenda, nakaa mbali na mstari, na kila baada ya mapumziko namuuliza mtu wa jirani, bila aibu yoyote, sisi sasa tunafunga wapi. Maishani mwangu nimefunga kikapu kimoja tu, na kilikuwa kizuri, waliokuwepo watawaambia, hasa wale wa kijani.