Kistari cha Mama Mkwe

Nilitoka chuo kikuu na shahada ya falsafa, kitu ambacho hakuna mtu Kitale aliyekuwa amekiulizia. Nikapata kazi ya majaribio katika duka la uchapishaji la mzee mmoja Singasinga. Alikuwa amenunua kompyuta, na aliitazama kama ng'ombe aliyekataa kutoa maziwa.

Siku moja akaingia kijana wa Kabuchai aliyesomea Yugoslavia na kurudi na mchumba. Harusi ilikuwa Jumamosi, Bungoma, na mama wa mchumba alikuwa ameshawasili. Kijana alitaka kadi ya kumkaribisha, kwa maandishi ya kwao. Nikamuuliza kwa nini asimkaribishe tu kwa mdomo.

"Huyo ni mama mkwe, bana. Kwetu simpi mkono, simkaribii. Kadi ndiyo itamsalimia."

Alikuja na disketi ya herufi za Kirusi, zinazokaribiana na za kwao mchumba, na karatasi ambayo mchumba alikuwa ameandika kwa lugha yake: karibu, mama wa binti yetu. Neno la binti lilianza na ќ, yaani k yenye kistari kichwani. Nilitafuta disketi nzima. Haikuwamo.

Nilimweleza mzee kwamba kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Kila herufi ina namba yake, na nafasi zote ni mia mbili hamsini na sita, kama vitanda vya bweni. Warusi hawaitumii k hiyo, kwa hiyo hawakuiachia kitanda. Nikapendekeza tutie kistari kwa kalamu.

"Kalamu iko kwake nyumbani," mzee akasema. "Hapa amekuja kompyuta. Kistari ikikosa, wewe pia Jumatatu usikuje."

Sikula mchana. Je, bila kistari neno lingekuwa tusi? Na kistari kikiinama upande mbaya? Kufikia jioni nilikuwa nimeshawaza vita kati ya Bungoma na Yugoslavia. Ndipo nikaona, katika kitabu cha printa, kwamba kurudi nyuma nako kuna namba yake. Nikaiagiza printa ichape k, irudi hatua moja, kisha ichape kile kikoma cha juu tunachoandika kwenye ng'ombe. Ikalia kwa uchungu, lakini kistari kikaketi.

Jumamosi mzee alinipeleka Bungoma na kadi kwa pikapu yake. Mama mkwe akaisoma, akaduwaa, akainuka na kumwendea bwana harusi mikono wazi. Bwana harusi akakimbilia nyuma ya kwaya. Mama akazunguka kwaya. Mashangazi wa Kabuchai wakaziba macho. Mimi nilijua moja kwa moja kwamba ni kistari.

Bibi harusi akamshika mamake, akamweleza mila, kisha akaninyooshea kidole. Nikatafuta kwaya nyingine sikuiona. Mama akanikumbatia mpaka miwani ikaanguka, akisema jambo refu sana.

"Jumatatu kuja mapema," mzee akaninong'oneza.

Mapema kufanya kazi, au mapema nifukuzwe kabla wateja hawajafika? Nililichambua hilo njia nzima hadi Kibomet, ambako alisimamisha gari nishuke.

"Ile kwaya inataka kadi," akasema. "Na wewe wacha kutoa jasho kwa kiti yangu."