Mguu wa Kulia wa Baba Mdogo

Mtu akikuambia huwezi kuendesha baiskeli bila mnyororo kukuchafua mguu, mwambie akajifunze upya. Baba mdogo alikuwa tarishi wa boma la Dodoma wakati wa Mwingereza. Aliendesha miaka mingi, kaptula kila siku, vumbi letu mnalijua, na mguu wake wa kulia ulikuwa safi kama wa mtu aliyetoka kuoga. Asubuhi alipangusa mnyororo kwa kitambaa kikavu, akaunyunyizia majivu, akaupangusa tena, kisha akakirudisha kitambaa kwenye msumari wake. Akipanda, goti la kulia alilitoa nje kidogo. Akishuka, alishukia kushoto, hata kama kushoto kuna miiba.

"Mwanangu," aliniambia, "mguu wa tarishi ndio barua ya kwanza kusomwa."

Alikuwa na sababu. Kila asubuhi karani mkuu aliwapanga matarishi mstari kabla ya kuwagawia barua, akawakagua kuanzia kofia mpaka ukucha. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Kondoa kutafuta kazi. Nililala kwa baba mdogo, nikala ugali wake, nikamwomba Mungu nafasi itokee pale bomani. Mpaka leo naogopa nikikumbuka nilivyoomba.

Siku moja homa ilimkamata akirudi kutoka Kikuyu, kando ya mji. Nilimfuata, nikamkuta ameketi kando ya njia, anatetemeka. Nikampandisha kwenye kiti cha baiskeli, nikaisukuma huku nimemshika mgongo. Miguu yake ilining'inia tu, na wa kulia ukasuguana na gia ya mbele njia nzima. Mimi nilikuwa naangalia asianguke. Tulipofika nyumbani alikuwa na alama kwenye kigimbi: meno sita meusi, pengo, kisha meno mawili. Pengo lile lilikuwa la jino lililovunjika kwenye gia.

Aliiona. Macho yalikuwa mekundu, lakini aliiona.

"Nitolee hiyo," alisema.

"Kesho, baba. Lala kwanza."

Alfajiri alikuwa amekwisha fariki.

Tulimwosha asubuhi ile ile. Mimi nilishika ndoo. Mzee mwosha aliisugua alama kwa sabuni, akaisugua kwa majani ya mkunazi. Ilififia, haikutoka. Akaomba maji mengine. Na mimi kichwani nilikuwa na neno moja tu: karani mkuu ametuma mtu, kama kuna ndugu anayetaka nafasi ya marehemu, afike kabla ya saa nane mchana.

"Mzee," nikasema, "maiti haicheleweshwi. Hayo ni mafuta tu."

Nani angebisha? Nilikuwa nimeitanguliza dini. Mzee aliniangalia, akaufunika ule mguu. Mama mdogo akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama ile alama imetoka.

"Imetoka, mama," nikajibu.

Kazi nikaipata, na baiskeli nikairithi. Nilifuata mafunzo yote ya marehemu: majivu, goti nje, kushukia kushoto. Jioni ya kwanza nikatazama kigimbi. Meno sita, pengo, meno mawili. Nikanawa, ikatoka vizuri tu. Asubuhi, kwenye mstari, ilikuwa imerudi.

"Marehemu alikuwa anakuja hapa mguu safi," karani mkuu alisema. "Wewe una nini?"

"Ni baiskeli, bwana."

"Baiskeli ni ile ile."

Nikaenda kwa fundi wa Kihindi karibu na stesheni. Alinicheka, akanifungia kava la bati juu ya mnyororo. Alama ikaja. Nikarudi kwake, hacheki tena, akanibadilishia gia yenyewe. Niliyahesabu meno ya gia mpya mbele yake, hakuna hata moja lililopungua. Jioni nilikaa kwenye kigoda, nikaugeuzia mguu mwanga. Meno sita, pengo, meno mawili.

Karani mkuu akanionya: akiiona tena, nirudi Kondoa. Basi kesho yake niliiacha baiskeli ukutani, nikaenda kazini kwa miguu. Njiani nilisimama mara tatu kujitazama. Safi. Kwenye mstari niliutanguliza mguu kwa kiburi kabisa. Karani mkuu akainama, akagusa kigimbi changu kwa kidole. Kidole kikatoka cheusi. Mafuta yalikuwa mabichi.

Akaniambia nivue kofia ya serikali.

Nilikwenda kwa mama mdogo, yuko ndani ya eda, nikakaa nje ya pazia lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umerudi mapema?"

Nikamweleza yote, na ule uongo wangu pia. Nililia, sioni haya kusema.

"Nilijua haikutoka," alisema. "Tangu tumzike, kila asubuhi kitambaa chake hakipo kwenye msumari. Nakikuta mlangoni kwako, kimelowa mafuta. Mwanzo nilidhani ni wewe."

Mimi kile kitambaa sikuwahi kukigusa. Nilikuwa na changu.

"Nifanye nini, mama?"

"Ufanye nini tena? Maiti akishazikwa haoshwi mara ya pili. Wewe ulimwambia kesho. Basi atangoja mpaka uoshwe wewe."

Sasa ni mzee, baiskeli nimeiacha zamani, na alama huja na kuondoka ipendavyo. Nimewausia wanangu: siku yangu ikifika, mguu wa kulia usuguliwe mpaka maji yawe meupe, na mwenye haraka atolewe nje. Wote wameniahidi.

Juzi homa ilinishika. Mdogo wao, yule anayefanya kazi ofisini, alikuja kunitazama. Niliuona mguu wangu umetokeza chini ya shuka, alama imerudi, nikamwomba anipanguse. Aliutazama, akatazama saa yake.

"Kesho, baba," alisema. "Lala kwanza."