Mama Ndani ya Pazia la Kura

Sijui kama nitaweza kuandika jambo hili mpaka mwisho, maana hata sasa masikio yananiwaka moto nikikumbuka, lakini wenzangu bwenini wameshalisikia nusu kutoka kwa watu wa Mbeya na kila wiki wanalitia chumvi mpya, kwa hiyo heri niliseme mwenyewe lilivyokuwa, niaibike kwa kile nilichofanya tu na si zaidi.

Ilikuwa likizo, mwaka ule wa kura tatu. Mama yangu ni mwalimu, na alikuwa mmoja wa wanawake wachache mno mtaani kwetu walioandikishwa, kwa sababu sheria ilitaka mtu awe na darasa la nane, au kipato kikubwa, au cheo, na hilo darasa la nane yeye alilipata akiwa ameshaolewa, akisoma huku amenibeba mgongoni. Gauni la kwendea kwenye kura alilipiga pasi mara tatu katika wiki moja. Baba alikuwa Iringa kikazi, kwa hiyo nyumbani kwetu kura ilikuwa moja tu, ya mama.

Ila Babu naye, baba yake baba, aliandikishwa kwa cheo chake cha uzee wa baraza. Sisi ni Wanyakyusa, na kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe. Hasemi naye, hamtazami, jina lake halitamki. Wakikaribiana njiani mama huingia majanini akajifunika kanga mpaka mzee apite, na Babu kwa upande wake hukohoa tangu mbali ili mwenzake apate nafasi ya kujificha. (Msiniulize kama mama si Mkristo na mwalimu. Ni Mkristo na ni mwalimu, na majanini anaingia.) Babu amejenga ng'ambo ya kijito, ana njia yake na sisi tuna yetu, na mama humwita "mzee wa ng'ambo". Lakini kituo cha kura kilikuwa kimoja, na waliokiweka hawakufikiria mambo ya wakwe.

Tulipokaribia mama akasimama kwenye kona. "Atu, nenda kaangalie. Mzee wa ng'ambo akiwepo nitangoja, hata mpaka jioni. Zunguka jengo lote, umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Nikaenda. Mbele ya jengo kulikuwa na foleni ya wanaume, Babu hayumo. Ilibaki kuzunguka nyuma, na huko nyuma, ukutani, walikuwa wamekaa wavulana kama sita wa sekondari, na mmoja wao sitamtaja hata katika daftari hili, na mimi nilikuwa nimevaa gauni la mama lililopunguzwa kiunoni likagoma kupungua mabegani. Sikuzunguka. Nilisimama pembeni nikahesabu mpaka ishirini ili ionekane nimezunguka, kisha nikarudi.

"Hayupo, mama. Nafikiri ameshapiga akaenda zake." (Hilo "nafikiri" nililiweka ili uongo usiwe mzima.)

Mama akaingia. Mimi nikakaa dirishani kwa nje, nikamwona akipewa karatasi, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, akaingia nyuma ya pazia pale kwenye kona karibu na mlango. Pazia lenyewe lilikuwa moja tu, na watu walikuwa wanaingia mmoja mmoja.

Halafu nikasikia kikohozi.

Kumbe Babu alikuwa huko huko nyuma ya jengo, anabishana na vijana wa kampeni juu ya hizo kura tatu, na alipochoka kubishana alikuja mbele, foleni ikampisha kwa uzee wake, akaingia, akapewa karatasi.

"Mwanangu," akamwambia karani, "mimi nimekuja kumchagua mtu wangu mmoja."

"Mzee, ni lazima watatu. Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja, Mzungu mmoja. Ukiweka mmoja tu karatasi imeharibika."

"Huyo Mhindi mimi namjua? Nimewahi kula kwake?"

"Ndiyo sheria, mzee."

"Basi nitakaa hapa mpaka sheria ipate akili." Akavuta kiti akakaa, na kiti chenyewe akakiweka kando ya sanduku la kura!

Nikaona pazia likitikisika kidogo, kisha likatulia kabisa, na nikajua mama amesikia kile kikohozi na hatatoka. Sandukuni hafiki bila kupita mbele ya magoti ya Babu. Dakika zikapita. Nje foleni ikaanza kunung'unika.

"Huyo mama anawachagua hao watatu au anawazaa?" mmoja akauliza, watu wakacheka.

"Mwacheni, labda anawapikia kwanza!"

Bwana Shauri, Mzungu aliyesimamia uchaguzi, akatazama saa yake. "Mama, toka sasa." Kimya, maana mama hawezi kutoa sauti Babu akisikia. "Mama, kama hutoki, askari atakutoa, na karatasi yako itafutwa."

Askari akapiga hatua moja kuelekea pazia. Miaka yote ile ya kusoma na mtoto mgongoni, na sasa mama avutwe mkono mbele ya mkwe wake kwa sababu mimi niliona haya kupita mbele ya wavulana! Nikafungua mdomo. Ningesema kwa Kinyakyusa wangeelewa wachache, lakini hofu ilinitoa Kiswahili cha gwaride, tena kwa sauti ambayo sijui niliipata wapi:

"Babu, toka! Mama yumo ndani ya pazia!"

Babu aliruka. Mlangoni asingeweza kwenda, kwa kuwa mlango ndio uko karibu na pazia, kwa hiyo akaja kwenye dirisha langu, mzee wa baraza mzima, akapandisha mguu, na koti likanasa kwenye komeo. Karatasi ya kura bado alikuwa nayo mkononi.

"Anakimbia na karatasi ya serikali!" karani akapiga kelele, na askari akaacha pazia akamdaka Babu miguu. Wa ndani wakavuta ndani, wa foleni wakaja kumvuta nje, wale wavulana sita nao wakakimbilia kusaidia (wote, na yule pia), na mimi katikati nimeshika mkono wa Babu nikilia. Koti likapasuka. Karatasi ikapasuka.

Katika fujo ile hakuna aliyetazama nyuma ila mimi. Mama alitoka kajifunika kanga kichwa kizima, akaenda moja kwa moja mpaka sandukuni akipapasa, akatumbukiza karatasi yake, akatoka mlangoni taratibu.

Bwana Shauri alipoelezwa alijikuna shingo, akasema mzee anaweza kupewa karatasi nyingine. Babu alikuwa amekaa chini nje, amepoteza kofia.

"Amepiga?" akaniuliza.

"Amepiga, Babu."

"Wote watatu?"

"Sijui, Babu. Ni siri."

"Mm." Akajipangusa vumbi. "Basi, inatosha." Akaenda zake ng'ambo, hakuitaka hiyo karatasi nyingine.

Nyumbani nilimwambia mama ukweli wote, mpaka kile kuhesabu ishirini. Hakunipiga. Siku ya pili nilimletea koti la Babu, akalishona mfuko bila kuuliza ni la nani, na alipokata uzi kwa meno akasema: "Siku yako wewe ya kupiga kura, mimi ndiye nitakayekwenda kuangalia kama mkwe wako yupo. Na nitazunguka jengo lote."

Afadhali angenipiga. Tangu siku hiyo nikitumwa kuangalia kitu nakiangalia kweli, hata kama ukutani wamekaa wavulana mia moja.