Nilivyomsemea Baba Kuuza Gari

Safari yetu ya Minnesota ilichukua siku nne: lori kutoka kambi ya wakimbizi, kisha ndege tatu, kila mmoja amening'iniza shingoni mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi zake. Bibi hakuuvua hata usingizini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu hapo nimehamahama miji minane, rafiki yangu, lakini juzi nilipoona gari kuukuu limebebwa juu ya trela, nilijikuta nimerudi Burnsville, mji tuliofikia.

Tulipanga ghorofa ya pili. Asubuhi ngazi zote zilinukia dagaa wa bibi, na jirani wa chini aligonga dari yake kwa ufagio, sijui kwa harufu au kwa kelele za kinu. Baba, ambaye kwetu Uvira alikuwa fundi wa magari, sasa alikata nyama ya bata mzinga kiwandani. Kwa mfanyakazi mwenzake ndiko alikolipata gari lile: milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane, aina ambayo vijana wa zamani wa nchi ile walishindana nayo mbio. Lakini lilikuwa mzoga. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji ilikuwa imelila. Ukikaa kiti cha nyuma uliona lami katikati ya miguu yako. Baba aliliweka kwenye maegesho, chini ya turubai la bluu, na kila Jumamosi alifungua kitu, akakisugua kwa mafuta ya taa. "Chuma hakifi," alisema, "kinasubiri fundi." Siku hizo tu ndipo alipopiga mluzi.

Kiingereza cha nyumba ile kilikuwa mimi. Barua, simu, daktari, vyote vilipitia kinywani mwangu. Bibi aliniita mdomo wa nyumba, nami nilijivuna.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, nilishuka basi la shule nikakuta karatasi ya rangi ya chungwa imebandikwa juu ya turubai. Ilisema gari lisilotembea liondolewe ndani ya siku kumi, la sivyo mpangaji atapoteza nyumba. Kambini, nyumba ikitakiwa kubomolewa, wasimamizi wa kambi walipita mchana wakachora msalaba mwekundu mlangoni. Yetu iliwahi kuchorwa, tukalala mvuani siku tatu. Lakini wengine waliwahi kuusugua msalaba kwa mchanga, na wabomoaji wakapita bila kujua. Basi nikaibandua karatasi ile, nikaificha ndani ya kiatu, nikaamini nimetuokoa.

Kwa siku sita kila gari lililopunguza mwendo nje nililichungulia dirishani. Siku ya saba meneja wa majengo aligonga mwenyewe. Bibi alipomwona, alikwenda kimya kabatini, akarudi na mfuko wake mweupe shingoni. Nilitafsiri kwamba zimebaki siku tatu. Kuhusu karatasi, sikutafsiri. Baba akasema tutaliuza gari.

Mnunuzi alitoka Lakeville, mji wa jirani, na trela, mzungu mwenye ndevu, mpole. Alilizunguka gari mara mbili. Hiyo ilikuwa siku ya mwisho.

"Mwambie injini haijawahi kuwaka tangu nilichukue," baba akasema. "Mwambie sakafu imeoza yote. Asije akasema tumemficha."

Niliwaza: akisikia hivyo ataondoka, na sisi tutalala nje. Nikamwambia injini huwaka kila Jumamosi, na sakafu ni vumbi tu. Mzungu akatikisa kichwa taratibu, akaomba ufunguo aliwashe, akinyoosha mkono.

"Anasema nini?"

"Anasema ni gari zuri, Papa."

"Mbona anaomba ufunguo?"

Baba aliniangalia, kisha akachukua bisibisi, akainua zulia la kiti cha mbele, akaichomeka sakafuni mpaka mpini ukazama. Akafungua boneti, akaigusa injini, akatamka kwa Kiingereza neno moja ambalo sikujua kwamba analijua: imekufa.

Mzungu alicheka. Akaniambia kutu aliiona tangu barabarani. Alitaka bodi tu, mengine yote angeyaunda upya. Wakafunga boneti, wakatia saini hati za gari juu yake, na gari likavutwa kwa mnyororo, likilia kama mnyama.

Baba hakunipiga. Alikuwa akikunja turubai. "Umenifanya mwongo," akasema, "nami nimesimama papo hapo."

Jumatatu alijiandikisha darasa la Kiingereza kanisani, kwenye chumba cha chini. Alirudi kila wiki na daftari, akasoma barua zetu kwa kidole, neno kwa neno. Nilikaa karibu nikingoja aniite. Hakuniita.

Bibi amelala huko huko, chini ya ardhi inayoganda. Yale majengo wameyapaka rangi nyingine, na wanangu wananijibu kwa Kiingereza. Nilipomaliza sekondari niliondoka moja kwa moja. Baba alinisindikiza hadi kituo cha mabasi Minneapolis. Alikata tiketi mwenyewe, akamuuliza dereva nitabadilisha basi wapi, akacheka naye kidogo. Mimi nilisimama kando na begi langu, nikingoja anigeukie aniulize yule mtu anasema nini.