Nilivyokataa kupasua betri nyuma ya kibanda changu Kimamba

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi kuna mmoja humu kaandika kwamba kuzuia madini ya risasi na zebaki kwenye vifaa vya umeme ni njama ya kutubania biashara. Nimejizuia siku mbili, nimeshindwa. Haya niliyafanya kwa mikono yangu, siongezi chumvi.

Mimi ni mama, fundi redio. Kazi alinifundisha marehemu baba, pale Kimamba.

Miaka ya tisini, soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, redio kaseti na TV za mtumba ziliingia kama siafu. Nyingi zilifika zimeshakufa. Kazi zikawa nyingi mpaka nakula nimesimama.

Mfanyabiashara mmoja, tumwite Sefu, akaanza kuniletea betri mbovu za magari kutoka Morogoro. Nazipasua nyuma ya kibanda, nayeyusha risasi, yeye anaenda kuuza, mimi nabaki na kidogo ya kuchomelea bodi za redio. Asidi namwaga chini, mabaki natupa kwenye shimo hapo hapo.

Ndiyo, mimi huyu huyu ninayewaandikia.

Jirani yangu alikuwa mfugaji wa Kisukuma, Mzee Masanja, aliyehamia na familia yake kutoka Shinyanga. Asubuhi moja ndama wake akawa anazunguka tu, haoni, anasukuma ukuta kwa kichwa, anasaga meno. Mchana akafa. Kesho yake akafa wa pili.

Hapo pakachafuka. Wanawe wakasema wakulima wametega sumu kulipiza mahindi yaliyoliwa. Wakulima nao wakashika mapanga. Mlio wa Kilosa, wilaya yetu, mnajua ugomvi wa wakulima na wafugaji si jambo la mzaha.

Bwana mifugo akaja, akampasua ndama. Tumboni akatoa vipande vya kijivu, vizito. Akaniita, maana anajua mimi ni fundi.

"Mama, hivi ni vitu gani?"

Nilijua hata kabla sijavigusa. Risasi ya betri zangu. Ng'ombe hupenda kuilamba kwa ladha yake ya chumvi, na vipande humeza.

Ningeweza kusema sijui. Nikatazama yale mapanga, nikamwambia ukweli.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Nikasimama.

"Shikamooni wazee. Hakuna mkulima aliyeua ndama. Ni mimi."

Mzee Masanja akaniangalia. "Binti yangu, mbona unajitia motoni?"

"Kwa sababu ndiyo kweli, baba. Shimo liko nyuma ya kibanda, twendeni mkalione."

Sefu, naye alikuwapo, akaruka juu. "Hili ni soko huria! Serikali imeruhusu, nani wa kumzuia mtu riziki?"

"Imeruhusu biashara, haikuruhusu sumu," nikamjibu. "Betri zako sipasui tena, na hapa hazipasuliwi na mtu."

Akasema nitakufa njaa. Nikamwambia basi nitakufa nimenawa mikono.

Siku ile ile kijiji kikapitisha marufuku: hakuna kupasua betri wala kuchoma nyaya karibu na nyumba, malisho au kisima. Mzee Masanja alikataa fidia. Alitaka shimo lizungushiwe miiba tu. Wanawe wakaileta, wakulima wakaipanga. Waliokuwa tayari kuchinjana walichomwa miiba pamoja wakicheka.

Njaa kweli niliionja. Mafundi wenzangu waliniita mama marufuku. Poa tu, niiteni hata leo.

Linaloniuma ni moja. Sefu alipakia betri zake akazipeleka kijiji kingine, na huko hakukuwa na wa kumkatalia.

Ndiyo maana nasema marufuku ya kijiji kimoja haitoshi. Sumu izuiwe kule kule kiwandani, kabla haijafika kwa fundi asiyejua. Mimi sikuwa mtu mbaya. Sikuwa nimeambiwa, na wenye kujua walinyamaza wakaniletea.

Kwa hiyo ndugu yangu wa njama, karibu tubishane, sikimbii. Wengine nanyi leteni ya kwenu. Ila kila anayeandika hapa chini aanze kwa kutuambia betri yake ya mwisho aliitupa wapi.