Konokono Aliyelaza Watu Matopeni

Tangu Ijumaa napita nyuma ya nyumba za watu kama mwizi, na nimejitakia mwenyewe.

Nilikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti tunachokaa kuamia ndege wasimalize mpunga. Mtandao unashika huko juu tu, kwa hiyo nilikuwa nacheza gemu ya simu na shoga yangu Zuhura, aliyeko Ikwiriri. Yeye ana konokono, mnyama mnyonge kuliko wote, na siku hiyo alikutanishwa na joka la moto. Mimi, mama wa watoto watatu, ndiye kocha wake. Mbinu yangu ni moja: konokono amtemee joka sumu mara moja, kisha ajifiche gambani mpaka sumu imalize kazi.

Lakini Zuhura ana papara, anataka kupigana. Nami nimejiziba masikio kwa spika za simu ninazomsikilizia, sijui sauti yangu inafika wapi.

"Usisogee!" nikapiga kelele. "Lala hapo hapo! Ukijitingisha tu, anakumaliza!"

Kwetu bondeni, ukelele wa dunguni ni onyo la mnyama. Aliyesikia alilala kifudifudi, akampazia sauti wa dungu la pili, naye akampazia wa tatu.

Joka lilipokufa nikavua spika. Mpunga umejaa ndege, mtu haonekani hata mmoja. Kisha chini ya ngazi yangu akainuka baba mkwe, aliyekuwa anaelekea msikitini, kanzu yake nyeupe tope tupu.

"Ameondoka?" akanong'ona. "Simba au kiboko, mwanangu?"

"Konokono, baba," nikasema. "Lakini ameshinda."